Mzigo Unaopanda Mto

Mto Klamath huanzia Oregon, upande wa mashariki wa milima ya Cascade, ukaipasua milima hiyo na kuteremka kaskazini ya California mpaka Bahari ya Pasifiki, safari ya zaidi ya kilomita 400. Katikati ya safari hiyo, kwenye bonde jembamba lenye miinuko mikali pande zote mbili, ndipo nchi ya Wakaruk ilipo. Chini yao, kuelekea baharini, wako Wayurok. Kwenye mto Trinity, unaoungana na Klamath pale Weitchpec, wako Wahupa. Wanaoandika kuhusu lugha ya Kikaruk hupenda kusema kwamba vitenzi vyake vya kubeba na kuchukua ni picha ya bonde lenyewe, kwa kuwa kila kinachobebwa hutajwa kuwa kinapanda au kinashuka mto, kinakwea mlima au kinaelekea majini. Kauli hiyo ni kweli, ila ni nusu ya ukweli. Ukiziweka lugha tatu za bonde hilo pamoja, unagundua kwamba ndani ya tendo la kubeba mmekaa historia mbili zisizolingana umri: moja wazungumzaji waliirithi kwa wahenga wao, wengine wakiwa wameitoa mbali sana, na nyingine waliipata papo hapo kwa kuishi na majirani. Mwelekeo wa mzigo ni wa historia hii ya pili, na nitadai kwamba mandhari peke yake hayatoshi kuueleza. Watu wa bonde hilo walilazimika kupatana na jirani kuhusu mzigo unakwenda wapi. Kuhusu mzigo una umbo gani, hawakulazimika kupatana na mtu.

Tuanze na mizigo yenyewe. Kabla ya katikati ya karne ya 19, nchi ya Wakaruk haikuwa na mnyama wa kubebeshwa mizigo wala gurudumu. Kilichohama kilihama kwa mgongo wa mtu au kwa mtumbwi. Wanawake walibeba vikapu vikubwa vya umbo la pia, vilivyoning'inizwa kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso, ndani yake mbegu za mwaloni ambazo zilikuwa chakula kikuu pamoja na samaki aina ya samoni. Miti ya mialoni iko mlimani, samoni wako mtoni, na vijiji vilijengwa kwenye vitambarare vichache vya kandokando ya maji, kwa hiyo mwaka mzima wa riziki ulikuwa ni kupanda mikono mitupu na kuteremka na mzigo, au kutoka majini na mzigo na kuupandisha nyumbani. Hata mitumbwi ilikuwa bidhaa ya kuletwa. Ilichongwa kwa magogo ya sekwoia, miti mirefu ya karibu na pwani ambayo haioti katika nchi ya Wakaruk, nao waliinunua kwa Wayurok. Kutoka huko huko chini ya mto zilipanda kombe nyembamba za dentalia, zilizotoka kwenye bahari za kaskazini ya mbali na kutumika kama fedha. Zilipimwa kwa urefu, zikatungwa kwenye nyuzi, na kutunzwa ndani ya vibweta vilivyochongwa kwa pembe za kulungu.

Fedha hiyo haikuwa pambo. Alfred Kroeber, aliyezifanyia kazi jamii hizi tangu mwaka 1900 na kuchapisha kitabu chake kikubwa kuhusu Wahindi wa California mwaka 1925, alieleza kwa kirefu namna ambavyo karibu kila kosa lilikuwa na malipo yake: mauaji, matusi, hata kulitaja jina la marehemu. Mahari ililipwa kwa mali ile ile. Sehemu nzuri za kuvulia samaki zilikuwa na wenyewe, na hisa zake ziliweza kurithiwa au kuuzwa. Jamii ya namna hiyo haina mfalme wala baraza la kudumu, ina wapatanishi wanaokwenda na kurudi kati ya vijiji, na mali inayokwenda na kurudi pamoja nao. Mara nyingi vijiji hivyo havikuwa vya lugha moja. Mkaruk aliweza kuoa kwa Wayurok, kudaiwa na Mhupa, na kuazima ngozi nyeupe ya paa kwa ajili ya ngoma kutoka kwa tajiri wa kijiji cha chini ya mto. Nitairudia hali hii, kwa sababu ndiyo inayobeba hoja yangu.

Sasa sarufi. Kikaruk kina maneno manne ya mwelekeo ambayo mgeni huyasikia kabla ya mengine yote: *káruk*, juu ya mto, *yúruk*, chini ya mto, *máruk*, kuelekea mlimani, na *sáruk*, kuteremkia mtoni. Lakini maneno hayo ni mlango tu. Kazi yenyewe hufanywa na viambishi tamati vinavyofungwa kwenye mzizi wa kitenzi. William Bright, ambaye alianza kujifunza lugha hiyo mwaka 1949 na kuchapisha sarufi yake mwaka 1957, aliorodhesha zaidi ya 30 vinavyohusu mahali na mwelekeo. Mzizi wenye maana ya kuchukua, kutupa, kukimbia au kutambaa huunganishwa na kiambishi cha kupanda mto, cha kushuka mto, cha kukwea mlima au cha kuvuka kwenda ng'ambo. Hapo hapo kiambishi hutofautisha kinachokwenda huko na kinachokuja hapa, ili kwamba kuja hapa kutoka mlimani kuna alama yake, na kwenda mlimani kutoka hapa kuna alama nyingine. Viko pia viambishi vya kuingiza kitu majini, vya kutia motoni, vya kutia ndani ya chombo na vya kuingia mahali palipozingirwa kama nyumba. Baadhi ya mizizi haisemwi peke yake, bali husubiri kiambishi kama hicho ndipo iwe neno.

Msomaji wa Kiswahili ataona tofauti upesi. Lugha yetu ina hazina ya vitenzi vya kubeba, na vingi vinaeleza namna: mtoto huelekwa, mzigo hutwikwa kichwani, mchanga husombwa, gogo hukokotwa. Mwelekeo tunauachia maneno ya nje ya kitenzi, isipokuwa katika vitenzi vichache kama kuleta, kupeleka na kutumbukiza. Kikaruk kimegawa kazi hiyo kinyume, kwani mzigo unaweza kusemwa kwa mzizi wa kawaida kabisa lakini njia yake ikatajwa kwa usahihi ambao kwa Kiswahili ungehitaji sentensi nzima. Katika maandishi yaliyokusanywa kwa Kikaruk jambo hili linaonekana karibu kila mstari. John Peabody Harrington alichapisha mwaka 1932 kitabu kizima kuhusu tumbaku ya Wakaruk, kwa maelezo ya mwanamke aliyeitwa Phoebe Maddux. Tumbaku ndiyo mmea pekee waliokuwa wakiupanda. Ilipandwa mlimani, mahali palipochomwa moto, majani yakachumwa, yakateremshwa nyumbani na kuhifadhiwa ndani ya vikapu. Simulizi ya kilimo ya namna hiyo, ikisemwa kwa lugha inayodai njia ya kila kitu, humpa msikilizaji ramani bila mtu kumchorea. Mpaka hapa, wanaosema kwamba kitenzi ni picha ya bonde wana haki ya kutabasamu.

Pingamizi kubwa dhidi yao ni la zamani na ni la mtu mzito. Mwaka 1921, katika kitabu chake kuhusu lugha, Edward Sapir aliwatumia Wahupa, Wayurok na Wakaruk kama mfano wa kuonyesha kwamba utamaduni na lugha havifuatani. Watu hawa walikula chakula kile kile, walijenga nyumba za mbao za aina moja, walisuka vikapu vya namna moja, walithamini mali zile zile na kuhudhuria ngoma za wenzao, hata mtaalamu hupata taabu kusema kikapu hiki ni cha nani. Lakini lugha zao ni mbalimbali kabisa. Kihupa ni cha jamii ya Kiathabaski, ambayo ndugu zake wako Alaska na Kanada magharibi, na wengine, Wanavaho na Waapache, kwenye majangwa ya kusini-magharibi. Kiyurok ni ndugu wa mbali wa lugha za Kialgonkini za mashariki, jambo ambalo Sapir mwenyewe alilitangaza mwaka 1913 na likabishaniwa kwa miongo kadhaa mpaka Mary Haas alipolifunga mwaka 1958. Kikaruk hakina ndugu aliyethibitishwa. Wengine hukitia kwenye kundi la Kihoka, nadharia iliyotolewa na Dixon na Kroeber mwaka 1913 na ambayo bado inagombaniwa. Kama bonde ndilo linalotengeneza kitenzi, aliuliza kimsingi Sapir, mbona bonde moja limezaa sarufi tatu zisizofanana?

Na kwa upande wa kubeba, tofauti hizo ni za wazi mno. Mhupa hawezi kusema amechukua kitu bila kuchagua mzizi unaolingana na umbo la kitu hicho. Kuna mzizi wa kitu cha mviringo, wa kitu kirefu kigumu mfano wa fimbo, wa kitu chepesi kinachokunjika kama ngozi au nguo, wa kitu kama kamba, wa chombo chenye kitu ndani, wa kitu kinachonata kama donge la unga, na wa kiumbe hai. Myurok huchukua bila usumbufu huo, lakini akianza kuhesabu mambo hubadilika, maana tarakimu zake hubeba sura ya kinachohesabiwa: watu wana namna yao, wanyama yao, vitu vya mviringo yao, miti, kamba, mitumbwi na nyumba kila kimoja na yake. Mkaruk hana mfumo wa kwanza wala wa pili wenye upana huo. Mary Haas alizilinganisha lugha za eneo hili mwaka 1967 na kuona jinsi kila moja inavyopanga ulimwengu kivyake, licha ya ujirani wote ule.

Pingamizi hilo linaiua nadharia ya picha, lakini haliui kila kitu. Linataka tutenganishe mambo mawili ambayo kitenzi cha kubeba huyachanganya: kitu gani kinabebwa, na kinabebwa kwenda wapi. Kwenye jambo la kwanza lugha tatu zimekataana kabisa. Kwenye jambo la pili zimekubaliana. Kihupa nacho hutaja juu ya mto, chini ya mto, mlimani na majini. Kiyurok vilevile, na Kroeber alistaajabu kuona kwamba Wayurok hawakuwa na haja ya kaskazini wala kusini, wakafuata mkondo wa maji hata pale mto unapojipinda na kurudi ulikotoka. Hata majina ya makabila yametokana na mfumo huo. Yurok ni neno la Kikaruk la chini ya mto ambalo wageni wa karne ya 19 waliligeuza kuwa jina la watu, na Wayurok kwa lugha yao waliwaita Wakaruk watu wa juu. Sean O'Neill, katika kitabu alichokitoa mwaka 2008 kuhusu lugha hizi tatu, ameonyesha jinsi mpango huo wa mto unavyopenya mpaka kwenye ngano na ibada. Vyombo vya kisarufi ni tofauti, yaani kimoja hutumia viambishi tamati, vingine hutanguliza vipande mbele ya kitenzi au huongeza maneno ya pembeni, lakini dira ni moja.

Kwa nini mgawanyiko ukatokea hivyo, na si kinyume? Jibu langu linatoka kwenye zile mahari na fidia. Umbo la kitu halihitaji mapatano. Kikapu kikiwa mbele ya Mhupa na Mkaruk, wote wawili wanakiona, na kama mmoja ana mzizi maalumu wa kukichukua na mwenzake hana, biashara haiharibiki. Utafiti wa John Carroll na Joseph Casagrande uliochapishwa mwaka 1958 unasaidia hapa. Walitazama kama watoto wa Kinavaho, ambao lugha yao ina vitenzi vya umbo kama Kihupa, huvipanga vitu kwa umbo kuliko kwa rangi. Waliozungumza zaidi Kinavaho walifanya hivyo kuliko wenzao waliozungumza zaidi Kiingereza. Lakini watoto wa Boston, wasiojua neno la Kinavaho, nao walichagua umbo, na watafiti walidhani ni kwa sababu ya kuzoea vitu vya kuchezea. Jicho hulipata umbo kwa njia nyingi. Mwelekeo ni habari nyingine. Hakuna juu wala chini ya mto mpaka watu wakubaliane kwamba mto ndio kipimo, na anayepokea mzigo, anayesubiri malipo, au anayealikwa kwenye ngoma Katimîin, karibu na mahali mto Salmon unapoingia Klamath, akikosa kukubaliana na mwenyeji kuhusu jambo hilo anafika mahali pasipo. Ndiyo maana umbo liliachwa kwenye urithi wa kila ukoo wa lugha, na mwelekeo ukawa mali ya wote.

Kwamba umbo ni la urithi, ushahidi upo. Vitenzi vya umbo vya Kihupa vina wenzao katika lugha za Kiathabaski kutoka Alaska mpaka jangwani Arizona, nchi zisizofanana kwa lolote. Uingizaji wa umbo katika tarakimu uko pia katika Kiojibwe, jamaa wa mbali wa Kiyurok kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kulielewa hilo: ngeli za Kibantu zimepita misitu ya Kongo, nyika na pwani, na hakuna mandhari yaliyozifuta wala yaliyozizaa.

Mtu makini atanigeuzia kibao. Kama nakubali kwamba umbo katika Kihupa ni urithi, ni kwa haki gani nadai kwamba viambishi vya mwelekeo vya Kikaruk si urithi pia? Lugha nyingine zinazohusishwa na Kihoka, nazo hupachika mwelekeo kwenye kitenzi, na zingine zisizo za Kihoka karibu na hapo hufanya hivyo. Pingamizi hili ni zuri, na sehemu yake naikubali. Tabia ya kufunga mwelekeo kwenye kitenzi huenda ni ya kale kuliko makazi ya Wakaruk kwenye Klamath. Lakini chombo si kile kinachotiwa ndani yake. Lugha ingeweza kurithi nafasi ya viambishi na kuijaza machweo na mawio, kushoto na kulia, au juu na chini tu. Kikaruk kimeijaza mto, mlima na ng'ambo, na kimekubaliana na majirani wawili ambao hawakurithi nafasi hiyo kwake. Viambishi vya kutia motoni au ndani ya chombo siwezi kuvidai kwa njia hiyo, maana havihitaji mto. Hivyo naviacha kwenye fungu la urithi, au la bahati, mpaka aje mwenye ushahidi bora.

Wapo pia watakaosema kwamba yote haya ni jiografia tu, na kwamba yeyote atakayewekwa kwenye bonde jembamba ataanza kusema juu ya mto na chini ya mto. Historia ilifanya jaribio hilo bila kuombwa. Wachimba dhahabu walifika mwaka 1850. Mwaka 1851 mjumbe wa serikali, Redick McKee, aliingia mikataba na jamii za eneo hilo, na mwaka uliofuata Baraza la Seneti likakataa kuiidhinisha. Katika miaka hiyo hiyo vijiji vya Wakaruk vilichomwa moto na watu wakakimbilia milimani. Mizigo ya migodini ilikuja kwa misafara ya nyumbu kutoka Trinidad na mji ulioitwa Union, leo Arcata, ikipita kwenye vijia vya milimani. Wageni hao nao wakazoea kusema juu ya mto na chini ya mto, na wenyeji wazungumzao Kiingereza husema hivyo mpaka leo. Kwa hiyo jiografia ina nguvu, sikatai. Lakini kwao mto ulibaki neno la hiari. Mali yao ilikuwa na anwani San Francisco, deni lao liliandikwa kwenye karatasi, na aliyewabebea alikuwa mnyama wa kukodi. Walikuwa bondeni kwa miaka, na bado walichopatana na walimwengu kilikuwa ni kalenda, dira na hati. Tofauti kati yao na Wakaruk haikuwa ya mandhari.

Kilichofuata kwa Kikaruk ni hadithi inayojulikana kote Marekani. Shule za bweni, ile ya Hoopa tangu 1893 na nyinginezo za mbali zaidi, ziliwatoa watoto nyumbani na kuwakataza lugha zao, hata wazungumzaji wa tangu utotoni wakabaki wachache sana. Kazi ya kuhifadhi iliendelea kwa njia mbili ambazo hazikuwa na mwendo mmoja. Kwa upande wa maandishi, Bright alirudi kwenye data zake akiwa mzee, na mwaka 2005, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, yeye na Susan Gehr wakatoa kamusi ya Kikaruk. Kwa upande wa midomo, mpango wa kumkalisha mwanafunzi mmoja na mzee mmoja ulianza California mwaka 1992, na Wakaruk walikuwa miongoni mwa walioutumia. Mwenye kamusi anaweza kuvikariri viambishi vyote akiwa mezani. Lakini ofisi za kabila leo ziko Happy Camp na Orleans, miji ya mtoni, na pia Yreka, mji ulioko nje ya bonde la Klamath lenyewe, ambako hakuna anayeweza kuuona mto dirishani. Mwalimu wa huko ana swali la kuamua ambalo bibi zake hawakuwa nalo: kikombe kinachotoka jikoni kwenda sebuleni kinapanda mto upi? Kwa jinsi ninavyouelewa ushahidi, swali hilo halijibiwi kwa kuangalia ramani. Linajibiwa na wanaozungumza pamoja, wakipatana ama kuendelea kuuhesabu Klamath kutoka mbali, ama kukipa kijito cha karibu kazi hiyo, ama kuacha viambishi vya mto kwa safari za kwenda mtoni tu.

Hoja yangu ina mahali inapoweza kuvunjwa, na mahali hapo panafahamika. Chimariko ni lugha iliyosemwa kwenye mto Trinity, juu ya nchi ya Wahupa, na inayotiwa kwenye kundi moja na Kikaruk na wanaoiamini nadharia ya Kihoka. Wazungumzaji wake hawapo tena, lakini Harrington aliacha maandishi mengi aliyoyakusanya miaka ya 1920. Ikionyeshwa kwamba viambishi vya kupanda na kushuka mto vya Chimariko vina asili moja na vya Kikaruk, sauti kwa sauti, itabidi mto urudishwe kwenye urithi, na majirani wanyang'anywe sifa niliyowapa.